Saa Isiyotaka Kupumzika

Mkwe wangu ana saa za mkononi nyingi kuliko mikono yote iliyomo katika nyumba hii, yangu ikiwemo, na bado chakula chake cha mchana hukikuta kimepoa. Sisemi kwa ubaya. Ni mtu mwema, mpole, hagombi na mtu, na tangu amwoe binti yangu hajawahi kuninyanyulia sauti. Hajawahi hata kunitazama usoni sawasawa, maana kwake yeye mama mkwe ni mtu wa kuinamishiwa kichwa na kufikishiwa maneno kupitia kwa mkewe. Tunaweza kuwa tumekaa sebuleni wawili, mimi kiti hiki, yeye kile, na atamwita binti yangu atoke jikoni mikono ikiwa na povu, amwambie, "Mama Kidoti, hebu muulize Mama kama feni inampuliza sana." Binti yangu ananigeukia mimi. Mimi namjibu binti yangu. Feni inapunguzwa. Binti yangu anarudi kwenye vyombo vyake.

Kazi yake ni kupima ardhi. Akienda porini kuweka mawe ya mipaka huvaa saa ya plastiki ya betri, ile ya kuokota sokoni, kwa sababu saa zake nzuri hazipatani na vumbi. Kwa hiyo ile inayofanya kazi haina thamani, na zenye thamani hukaa nyumbani kama mimi.

Zilikuwa zinakaa katika kabati la kioo chini ya dirisha la sebule, kila moja juu ya kimto chake cha mahameli. Hakuna hata moja yenye betri. Zote ni za springi na vigurudumu vyenye meno madogo kuliko chembe ya sukari. Jumapili wanakuja wenzake wa saa, daktari wa meno na fundi saa mwenye duka karibu na posta. Wanavua, wanapokezana kwa mikono miwili kama wanaopokezana kitoto kichanga, wanageuza nyuma kuona utumbo kupitia kioo, wanatega sikio. Chai inapoa. Mwanamume mzima anafumba macho, anasema, "Aa, hii inapumua." Mimi nilizaa watoto watano na hakuna aliyewasikiliza hivyo.

Anayoipenda kuliko zote ina kidirisha chenye mwezi. Mwezi huo mdogo wa dhahabu unatoka, unajaa, unapungua, sawa na ule wa mbinguni. Nimewahi kusimama dirishani kulinganisha na sikuona kosa. Tena inajua tarehe, siku na mwezi, na inajua ni Februari ipi itakuwa na siku ya ziada. Isichojua ni kwamba chakula kiko tayari. Aliuza gari lake ili aipate. Sasa wanakwenda na gari la mkewe, yeye amekaa upande wa abiria, saa mkononi, wakichelewa wote wawili.

Mimi nilifika hapa baada ya kuteleza kwenye ngazi za nyuma za kwangu nikaumia nyonga. Binti yangu ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Alinichukua kama wanavyochukua wagonjwa wao, bila kuniuliza, ila nilikataa kupanda garini mpaka cherehani yangu nayo ipakiwe. Ni cherehani ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale kiganja changu cha kushoto kinapolala. Unazungusha kwa mkono wa kulia, unaongoza kitambaa kwa wa kushoto. Mguu hauhitajiki, nyonga haihitajiki. Nilimweleza hivyo binti yangu. Akasema, "Sawa, Mama," kwa ile sauti anayowaambia watu wa wodini.

Jumapili ya kwanza nikaanza kushona. Nilikuwa nimekata gauni la Kidoti, mjukuu wangu, anayeitwa hivyo kwa alama iliyo juu ya mdomo wake. Gauni la buluu, kola nyeupe, mikono ya kuvimba. Nilikuwa nimefika kwenye ubavu mmoja, nazungusha zangu taratibu, na kule kwenye viti wanaume wametega masikio kwenye saa zao. Sikujua kuwa nawasumbua. Kesho yake nikasikia mkwe anamwambia binti yangu ukumbini, "Nafikiri Mama apumzike. Amefanya kazi maisha yake yote." Binti yangu, ambaye alikuwa anatafuta mtu wa kumuunga mkono, akaafiki kabla hajamaliza. Mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyeibeba cherehani kuipeleka stoo, chini ya mabegi ya safari. Aliibeba kwa heshima sana, siwezi kumnyima hilo. Alitembea nayo kama amebeba jeneza.

Nikabaki na gauni lenye ubavu mmoja, nimelikunja kwenye mfuko wa nailoni chini ya mto. Kidoti yuko kwenye umri ule wa kurefuka. Kila akija kunisabahi nilikuwa nampima kwa shubiri kuanzia bega, na kila mara kidole changu kilikuwa kinaishia juu kidogo ya pale kilipoishia mara ya nyuma.

"Mwanangu, nipe cherehani yangu nimalize gauni hili tu."

"Mama, pumzika. Tutamnunulia lingine."

Sikutaka lingine. Lakini mimi si mtu wa kurudia maneno. Nilikaa.

Sasa, saa hizi za springi zina tabia moja. Ukiivaa, mkono ukitikisika, kuna kibati ndani kinachozunguka na kuijaza nguvu. Ukiivua ukaiweka, baada ya siku chache inasimama. Nyingine zikisimama mkwe wangu huzirekebisha akazivaa, hakuna ugomvi. Ile ya mwezi ikisimama ni msiba. Kuirudisha tarehe, mwezi na mwaka wake kwenye mstari ni kazi ya vitundu na sindano, na ukikosea wakati wa kuigusa, meno yanavunjika ndani na saa inapanda ndege kurudi kwa walioitengeneza. Iliwahi kusafiri hivyo. Binti yangu anasema kipindi kile mumewe alikuwa anaangalia mkono mtupu kama mtu aliyekatwa kidole. Ndiyo maana kile kichwa cha pembeni, ambacho sisi watu wa zamani tulikuwa tunatilia saa ufunguo, kwenye ile ya mwezi hakiguswi na mtu yeyote ila yeye. Akisafiri alikuwa anaiacha kwenye kisanduku cha umeme kinachoizungusha polepole, kushoto kulia, usiku na mchana.

Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Friji ilipona. Kisanduku kikafa.

Na yeye alikuwa anaondoka kesho yake, wiki tatu porini.

Jioni hiyo kukawa na kikao. Nani avae saa? Binti yangu hawezi. Wodini hawaruhusiwi kuvaa kitu kwenye kifundo, wanaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Kidoti hawezi, Kidoti aliwahi kuangusha sahani ya bati ikavunjika. Halafu nikaona binti yangu ananitazama, na mkwe wangu anatazama zulia karibu na miguu yangu.

"Mama ni msafi," binti yangu akasema. "Haendi popote. Hana papara."

"Muulize kama haitamchosha," mkwe akasema.

Asubuhi ikaletwa kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Binti yangu alinifunga mkono wa kushoto. Nzito kama yai bichi la bata. Mkwe wangu aliinamisha kichwa, akaitazama mara ya mwisho kwa kupitia pembeni mwa jicho, akavaa ile yake ya plastiki, akaondoka. Amechelewa, bila shaka. Gari la ofisi lilikuwa limepiga honi mara nyingi.

Mnaona kosa lao lilipokuwa. Nyumba nzima imeniambia nisitikisike, halafu imenivisha kitu kinachoishi kwa kutikisika. Na mimi nilikuwa mgonjwa mtiifu. Nilikaa kwenye kiti changu, mikono mapajani, nikiiangalia. Ina mshale mdogo kwa chini, kama ule wa petroli kwenye gari, unaoonyesha nguvu iliyobaki. Niliuona unashuka. Sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza.

Jioni ya siku ya pili simu ikaita. Binti yangu anapenda kuiweka mezani, sauti wazi, huku anakunja nguo.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mkono wake?"

"Aliumia nyonga, Baba Kidoti."

"Najua. Nauliza tu. Anatembeatembea?"

"Daktari amesema apumzike, na mimi nasimamia. Tangu asubuhi hajanyanyuka kwenye kiti."

Upepo wa porini ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Hata kupunga mkono hapungi?"

"Ampungie nani?"

"Majirani."

Binti yangu akaacha kukunja. "Baba Kidoti, unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Nitamwambiaje Mama atikise mkono? Hebu muombe tu aangalie ule mshale mdogo."

Nikaangalia. Nikamwambia binti yangu kwamba umekaribia wekundu. Binti yangu akamwambia. Kule porini tukasikia "Oo" ya mtu aliyekalia mwiba.

Kesho yake tukaanza matibabu. Nilijipepea kwa daftari la Kidoti mpaka baridi ikaniingia shingoni, mshale haukusogea. Kidoti aliporudi shule tukacheza ule mchezo wa kupigana viganja, anaimba yeye, nakosea mimi. Akachungulia kioo. "Bibi, umepanda kama unywele mmoja." Tukacheza tena mpaka bega likaniuma. Kisha akaenda kuoga, nami nikabaki na unywele wangu mmoja.

Simu ilipoita jioni nilikuwa nimeshafikiri vya kutosha. Nilisubiri wamalize salamu.

"Mwambie mkwe wangu," nikamwambia binti yangu, taratibu, "kwamba mkono wangu wa kulia unaweza kuzunguka kutwa nzima bila kuchoka. Ila kinachouzungusha kiko stoo."

"Mama, usianze."

"Mama amesemaje?" ikasema simu, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Anataka cherehani."

"Basi apewe."

Binti yangu aliishika simu akaitazama kama vile ina uso. "Si wewe uliyesema apumzike?"

"Nilisema mwili upumzike. Mkono..."

"Mkono si mwili?"

"Mama Kidoti, nakuomba."

"Muulize na itakaa wapi," nikasema. "Macho yangu yanataka dirisha."

"Chumbani kwake kuna dirisha," ikasema simu.

"Linatazama ukuta wa jirani."

"La jikoni je?"

"Gauni linuke vitunguu?"

Mkwe wangu alishafika pale nilipokuwa nikimngojea. Nyumba hii ina dirisha moja tu la kushonea, na chini yake ndipo lilipokuwa limesimama kabati la saa.

"Kabati linaweza kusogezwa kidogo," alisema mwishowe. "Taratibu. Na lisipigwe na jua."

"Na lisirudi," nikasema.

"Anasema lisirudi," binti yangu akasema.

"Nimemsikia," akasema mkwe wangu. Binti yangu na mimi tukatazamana, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kunisikia mpaka maneno yangu afikishiwe na mkewe.

Cherehani ikatoka. Niliifuta vumbi, nikaitia mafuta, nikahamishia saa mkono wa kulia. Kisha nikaanza kuzungusha, na ile saa, jamani, ilifurahi. Ukiweka sikio ulikuwa unasikia kile kibati kinafuata mzunguko wa mkono wangu, wii, wii, kama mtoto kwenye bembea. Adhuhuri mshale ulikuwa umepanda nusu. Kidoti alipotoka shule ulikuwa umejaa, na ubavu wa pili wa gauni ulikuwa umefungwa.

Gauni lenyewe lilikuwa limeshaanza kumkimbia. Niliachia upindo wote, bado likaishia juu ya goti, nikaongeza mkanda mweupe chini kutoka mabaki ya kola. Watu wanadhani ni urembo niliokusudia. Kidoti alilivaa akazunguka sebuleni mpaka likafura kama mwavuli, akasema, "Bibi, lina mfuko?" Halikuwa na mfuko. Nikatia mfuko.

Baada ya hapo nikashona mapazia, foronya, aproni za wenzake binti yangu. Binti yangu aliacha kuniambia nipumzike pale alipoona nimeanza kwenda bafuni bila fimbo, ingawa hakusema kwamba ameacha.

Mkwe wangu aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni na vumbi lake, akangoja sinia. Niliiweka saa kwenye kitambaa cheupe. Inatembea, mwezi wake umefika pale unapotakiwa, tarehe hiyo hiyo ya leo. Akaitazama muda mrefu. "Mama Kidoti," akasema, "mwambie Mama asante."

Sasa ndipo ukaja ule muujiza. Siku iliyofuata alifika mezani sahani hazijapangwa. Siku ya pili alikuwa ameshakaa, kijiko mkononi, mchele haujakauka maji. Ofisini alikuta mlinzi ndiyo kwanza anafungua lango. Bosi wake akamuuliza faraghani kama kuna matatizo nyumbani. Kila siku aliwahi kuliko jana yake. Binti yangu alikuwa anaimba akipika. Mkwe wangu naye alianza kulalamika kwamba taarifa ya habari redioni siku hizi inachelewa, na ile saa ya ukutani imezeeka. Simu aliipuuza kabisa. "Simu inaambiwa saa," alimwambia mkewe. "Hii inajua."

Jumapili wenzake wakaja, na daktari wa meno akaweka mkono wake kando ya mkono wa mkwe wangu. Akaangalia hapa, akaangalia pale.

"Ndugu yangu, wewe unaishi kesho?"

Fundi saa akaiomba, akaisikiliza, akakunja paji la uso. "Inakimbia hii. Una dira yako ya kazini hapo?"

Mkwe wangu akaleta dira. Fundi akaisogeza kwenye saa, na sindano ya dira ikaruka kama imeitwa. "Ina sumaku," akasema. "Springi zimeshikana. Imekaa karibu na nini?" Akainuka na dira yake mkononi, akaizungusha chumbani, na sindano ikamvuta hatua kwa hatua mpaka mbele ya cherehani yangu. Pale, upande wa kulia, pembeni kabisa na gurudumu, kilikuwepo kipande nilichokitoa kwenye spika ya redio ya zamani. Ndicho ninachokusanyia pini. Ni sumaku nzuri sana, inazoa pini mpaka zilizo chini ya kiti. Mkono wangu ulikuwa umepita juu yake karibu wiki tatu.

Wote wakanitazama. Mimi nilikuwa napinda foronya. Sikuacha kupinda, lakini niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshaanza kuaga dirisha. Nilijua njia ya stoo ilivyo fupi.

Binti yangu alikuwa amesimama pale pale na sinia la vikombe, tayari kupokea maneno. Mkwe wangu hakumgeukia. Alikuja mpaka mbele ya cherehani, akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. Ana macho ya kahawia. Miaka yote hiyo sikuwa najua.

"Mama."

"Naam, baba."

"Hiyo sumaku yako."

"Inakusumbua?"

"Naomba ikae mbali kidogo."

"Na cherehani?"

Daktari wa meno alishika kikombe hewani. Mkwe wangu alitazama kabati lake, lililobanwa kwenye kona kati ya friji na mlango, halafu akatazama mapazia mapya.

"Cherehani ikae hapa hapa," akasema. "Nitasafiri tena mwezi ujao."

"Basi nami nitatafuta kopo la pini."

"Asante, Mama."

"Feni," nikasema, kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kuongea, "ilikuwa hainipulizi sana hata siku moja. Niliona tu unapenda kuuliza."

Akacheka. Ana jino moja la pembeni limepanda juu ya mwenzake. Daktari wa meno anapaswa kuliona.

Fundi saa alikwenda dukani kwake akarudi na kidude cha kuondoa sumaku, kama sanduku la kiberiti, akapitisha saa juu yake, ikawa imepona kabla chai haijapoa. Daktari wa meno aliniambia kwa adabu kwamba naye ana saa mbili za kukaa bure, kama nina nafasi kwenye mkono. Nikamwambia nimeshaajiriwa kwingine.

Jumatatu mkwe wangu alikuta chakula kimepoa. Jumanne vile vile. Jumatano gari la ofisi lilipiga honi mpaka mbwa wa jirani wakaitikia, naye yuko kwenye kioo anachagua avae ipi.

Sumaku nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka droo ya chini kabisa ya chumbani kwangu, mbali na saa zote. Jana binti yangu alikuja akakaa kitandani kwangu, akanyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo, akaniuliza kama ninaweza kumwazima hiyo sumaku siku mbili tatu. Sikumuuliza ya nini. Nilimwambia tu airudishe kabla ya Jumapili.